Jina Lisilomo Katika Historia ya Hoteli Yetu

Norwe, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limekuachia siku hizi, au bado linakutabiria mvua? Na mboga za uani, baridi haijaziunguza? Mimi ni mzima, ninakula vizuri, na ninavaa soksi mbili mbili kama ulivyoniagiza. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu unaniwahi, unageuza mazungumzo kabla sijafika ninakokwenda. Barua huwezi kuikata. Isome mwenyewe, polepole, usimpe kaka Hamisi akusomee.

Kazi ni ile ile, kutandika vitanda vya watu. Asubuhi nyingine ukungu hupanda kutoka ziwani hadi kwenye madirisha ya hoteli, na ukishafika hapo mimi sipo tena Norwe. Nasimama na shuka mkononi, nasikia harufu ya moshi wa kuni, nasikia lori la Dongobesh likihema kwenye mteremko, na sauti yako kutoka uani: "Halima, mito ya vitanda!" Naitika kabisa, Mama. Msimamizi wangu ameshanizoea, akinikuta nimeduwaa hunigusa bega na kupita zake.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Hamisi amenitumia karatasi. Watu wa mambo ya kale wameipenda hoteli yetu, veranda ile ya mbao na kuta za mawe, na wanataka historia yake ya ukurasa mmoja pamoja na saini zetu sisi wawili, kwa kuwa Baba aliandikisha jengo kwa majina yetu. Wakiipokea, haibomolewi. Tukichelewa kupita mwisho wa mwezi, yule mfanyabiashara wa Babati anainunua, anaiangusha yote, anajenga maduka ya vioo. Hayo unayajua. Nadhani hujui kaka ameandika nini.

Ameandika vizuri, sikatai, ana mkono. Babu anatoka Kondoa na punda wawili, anapanda milima, anakuta Mbulu hakuna pa kumlaza mgeni, anajenga. Baba anarithi, anaongeza vyumba. Hoteli inasifika hadi Katesh kwa vitanda vyake vya joto. Nimesoma mara tatu. Mama, wewe humo. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wewe upo, umekaa hapo uani unachambua maharage, na bado lako halipo! Nilikasirika hadi nikatandika shuka ndani nje, ikabidi nianze upya.

Hilo joto la vitanda lilitoka wapi? Ulikuja hapo msichana kutoka Bashay, wa kuchota maji na kufua. Ukaona wageni wanaamka na midomo ya bluu. Ukaenda kuokota mawe kule juu mlimani, ukayapasha taratibu pembeni mwa jiko, ukayafunga kwa vipande vya blanketi kuukuu na kuyalaza miguuni mwa vitanda kabla wageni hawajapanda. Hayo ulishayafanya miaka mingi kabla Baba hajakuoa.

Nakumbuka ulipokwenda kumzika baba yako. Nilikuwa darasa la pili, na siku zile sasa naziona kama kwa nyuma ya pazia jeupe. Babu alisema mawe ni mawe, hayahitaji fundi. Akashuka mtoni, akachagua yale mazuri, laini, ya duara, akayatupia katikati ya moto. Mimi nilikuwa mlangoni na mito yangu. Lilipasuka la kwanza, likapasuka la pili, birika likatoboka, majivu yakajaa kwenye ndevu za Babu, na wageni wakatoka mbio verandani na mashuka mabegani. Babu alikaa chini akacheka hadi machozi yakamtoka.

Uliporudi hukucheka. Ulisema tu, "Jiwe la mtoni limekunywa maji, Baba. Ukilichoma, linakasirika." Kisha akasema, nami nilisikia kwa masikio yangu, "Mkwe wangu, hii hoteli ni yako. Mimi nina mabati tu."

Nawe ukamjibu nini? "Nyamaza, Baba, watu watasema mchota maji amejifanya mwenye nyumba."

Najua neno hilo lilitoka wapi. Najua wake wa wenye maduka walivyokuita mchota maji hata baada ya ndoa, hata ulipokuwa unapita na mimi mgongoni. Ulimeza, ukanyamaza, na ukamlea Hamisi akiamini kwamba joto lile lilitoka Kondoa na punda. Simlaumu. Kaka ameandika alichofundishwa, na aliyemfundisha ni wewe. Mimi nakulaumu kidogo, Mama, na nakupenda sana, na yote mawili yananiuma.

Nisalimie mama mdogo wa Bashay, mwambie ngano yake ya mwaka huu nimeiona kwenye picha. Nisalimie shangazi wa Katesh, mpe pole tena kwa nyumba yao ya Jorodom iliyozolewa na tope, na umwambie namwombea wapate paa kabla ya masika. Mwalimu wangu wa madrasa mpe shikamoo yangu. Na Hamisi mwambie simchukii, ila kwa hili hanipati.

Historia nimeiandika upya, imo humu kwenye bahasha. Mstari wa pili nimeacha nafasi. Weka hapo jina lako kwa mkono wako mwenyewe, Yasinta ulilozaliwa nalo Bashay au Zainabu ulilopewa Mbulu ulipoolewa, lolote utakalo. Hamisi akinitumia picha ya ukurasa huo na jina likiwemo, nitasaini siku hiyo hiyo. Nafasi ikibaki tupu, sisaini. Kuta zisizo na wewe mimi sizijui, Mama. Waziangushe.

Mwanao mkaidi,
Halima