Paji la Waziri

Bhirgaun, mwezi wa Kartik

Mdogo wangu Yagya,

Salamu zikufikie huko Doha, na jua la huko likuonee huruma. Mgongo umepoa? Huku tunapumua, mpunga umevunwa na nyati wetu wa maziwa amezaa jike.

Ile picha ya gazetini, kaka yetu Tularam akipakwa tika, ile rangi ya pajini, na dada yake, ni uongo. Dada yule si mimi.

Unajua alikoanzia: mwalimu wa hesabu, kandambili miguuni, akafungwa kwa kumpinga mfalme. Shangazi Hirakala ndiye aliyempelekea wali gerezani, kwa miguu. Akatoka shujaa, akawa mbunge, kisha waziri katika serikali tatu zisizopatana kwa lolote ila kumtaka yeye. Mwaka huu akaleta tingatinga, likachonga barabara mlimani hadi kwenye hoteli ya mkwewe. Wazee walimwonya kwamba mlima ukikatwa mguu hausimami. Akawacheka, eti wamezoea njia za mbuzi. Mvua zilipokuja, mlima ukashuka juu ya nyumba ya shangazi, naye yumo ndani. Tularam akatangaza redioni kwamba ni kudra.

Siku ya tika, dada wanapowapaka ndugu zao, akaja na wapiga picha, maana uchaguzi umekaribia. Nikamwambia nyumba ina msiba, mwaka huu rangi hazishikwi. Akanivuta pembeni, akaninong'oneza nisimtie aibu: shangazi aliolewa, ni maiti wa ukoo mwingine, msiba wake hautufungi. Na mila ndivyo isemavyo, Yagya! Mtu aliyelishwa gerezani na yule mama amejificha nyuma ya mila. Nikapaza sauti kwamba tika humkinga ndugu na kifo, lakini yeye kinga ya nini, wakati kifo ni mtumishi wake? Jirani yetu Maili akadakia, "Mheshimiwa, leo umepakwa bila rangi!" Hata polisi wake walicheka. Nikafunga mlango. Akaenda kwa mwenyekiti wa chama chake, akaazima dada.

Sasa hili nililokuwa nalizunguka. Jana nilijiandikisha kugombea kiti chake. Sina chama. Mama amesema mimi ndiye ninayebomoa nyumba ya baba, akapanda gari la Tularam kwenda Kathmandu, na simu zangu hapokei. Nimelia, sikufichi. Lakini jina langu siliondoi. Ninyi mlioko ughaibuni hamruhusiwi kupiga kura. Basi wapigieni simu wake zenu na mama zenu, nawe uanze na mama yetu.

Nisalimie wenzako wa chumbani. Wewe pia sikukutumia rangi wala shada la maua mwaka huu. Usinune, shangazi alikulea nawe. Paji lako likae tupu, na wakikuuliza, waambie nani amekufa na nani ameua.

Ni mimi dada yako,
Sabitra