Muhogo Mtamu wa Mwamgongo

Mama yangu, shikamoo.

Mwili wangu mzima, roho ndiyo mgonjwa. Mguu wako bado unavimba? Na Mwanaidi wangu, anayelelewa na dada Zaina, kikohozi kimemwacha? Nilikuahidi mvua hazitanikuta huku. Zimenikuta, mama.

Unajua nililetwa huku kuwa bibi shamba. Miaka hii ya wakimbizi, watu wa hapa waliwapokea waliovuka ziwa, wakachimba muhogo wao ungali mchanga wakala pamoja, na miti yake, ambayo ndiyo mbegu, ikaishia jikoni kuwa kuni. Mashamba yakabaki matupu, hata mbegu hakuna. Kazi yangu ikawa kuwatafutia mbegu waanze upya.

Sasa sikia ujinga wa mwanao. Huku hulimwa muhogo mchungu. Wanawake huuloweka siku tatu nne, wakauanika, ndipo wapate udaga wa kusaga unga wa ugali. Nikawaonea huruma. Nikaagiza mtamu, ule wetu wa kuchemsha na nazi, nikajiona nimesoma kweli. Jirani yangu Bi Anastazia, mjane, akaniuliza taratibu, "Bibi shamba, na nyani umewauliza?" Nikacheka. Wakapanda hivyohivyo, kwa kuwa nimetumwa na serikali.

Nyani wa msitu wa Gombe, muhogo mchungu huuonja wakauacha. Huu wangu wameung'oa mstari kwa mstari, hawakubakiza shamba hata moja.

Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Bi Anastazia bado ananiletea ugali na dagaa, kwa udaga aliouomba kwa nduguye, nami najua wanawe wamepunguziwa. Nakula nimeinama. Njiani wananiamkia vizuri, natamani ardhi ipasuke. Boti ya Kigoma inaondoka kila asubuhi, naiangalia tu.

Wiki iliyopita barua ya uhamisho ilifika. Tanga, mama, niliyoililia miaka mitatu. Lakini mbegu za muhogo mchungu nimezipata kwa mkulima mmoja karibu na Katonga, na nikiondoka hakuna wa kuzifuata. Ofisi italeta mtamu tena, maana ndivyo nilivyoandika mwenyewe kwenye ripoti. Na mchungu hukaa ardhini mwaka na zaidi ndipo uvunwe. Nimeukataa uhamisho. Nililia huku naandika.

Nisalimie kaka wa bandarini, na shangazi wa Pongwe mwambie kanga yake ilifika. Dada Zaina sina neno la kumwambia. Uliniandikia kwamba Mwanaidi ameanza kumwita mama, na kwamba mnamkataza. Msimkataze.

Ni mimi mwanao,
Salma