Mistari Mitatu

Dada yangu mpendwa,

Hapa tupo. Jino limeng'olewa, sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Cherehani uliyoniachia bado inadunda.

Umeuliza habari za shule ya binti yangu. Amepangiwa ile ya kutwa, nyuma ya soko. Maabara yao ni stoo ya madawati mabovu, na mwalimu wa kemia hawajamwona tangu wafungue. Kila asubuhi anavaa sketi niliyomshonea, anatoka kabla ya chai. Vitabu ulivyomtumia amevisukuma chini ya kitanda.

Hili nakwambia wewe tu. Fomu ya kuchagua shule ilikuwa na mistari mitatu. Mwalimu wake alisema tujaze shule tatu tofauti. Mimi, mjuaji, nikaandika shule ileile ya bweni mistari yote mitatu, ili waone hatutanii. Shule ikajaa. Mwalimu mkuu ameniambia alama zake zilitosha kabisa kuingia shule nyingine nzuri, ila hatukuiomba. Basi akapelekwa palipobaki nafasi.

Yeye anadhani alifeli.

Juzi nilikuwa nakunja pindo la sketi yake, akaja akakaa chini, karibu na miguu yangu. Akasema, "Baba, nisamehe. Nimekuangusha."

Nilikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Kisha nikamwambia, "Yameshapita, mwanangu. Nimekusamehe."

Msalimie shemeji. Ukinijibu, barua itume dukani, si nyumbani.

Mdogo wako,
Fundi