Lengo la Sita na Kisima cha Kirua

Jumatatu, 3 Machi
Kazi ile ile ya maktaba. Soma muhtasari wa makala, tafuta lengo la maendeleo endelevu la dunia linaloendana nayo, weka namba, nenda inayofuata. Njaa la pili. Afya la tatu. Maji la sita. Ripoti ya chuo inatakiwa Ijumaa. Macho yanawaka.

Jumanne, 4 Machi
Nimekutana na kisima chetu. Cha nyumbani kabisa, Kirua Vunjo, ndani ya makala ya Kiingereza. Nilikuwepo watafiti walipochota yale maji miaka mitatu iliyopita. Mimi ndiye niliyewatafsiria wazee kwa Kichagga, nikawaahidi kwa mdomo wangu kwamba majibu yatarudi. Mama aliweka dole gumba kwenye fomu yao ya kukubali kwa sababu mimi nilimwambia aweke.

Majibu yapo ukurasa wa tano. Dawa za kupulizia mashambani zimeingia kisimani. Maji hayafai kunywa, hata yakichemshwa. Makala ilitoka mwaka juzi. Hakuna aliyepanda mlimani kwenda kuwaambia wazee. Na mimi sikuwahi kuuliza. Mjinga mimi, mjinga wa kutupwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia mkuu wa maktaba. Amefurahi! "Weka la sita, na la tatu pia. Hiyo itatubeba kwenye ripoti." Nikamuuliza, nani atawaambia wanakijiji? Eti hiyo si kazi ya maktaba. Nimewaandikia watafiti. Kimya.

Nimeweka la sita. Nimeweka na la tatu. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Ripoti imeenda. Kulikuwa na keki. Wamenipigia makofi. Nimeila keki.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda nyumbani. Nimekata jani la sale kwenye ua wa jirani, nikalipiga fundo. Anayeletewa sale hakatai kusamehe, ndivyo tulivyolelewa. Shikamoo mama. Nikamweleza yote.

Amelipokea lile jani, akalipapasa fundo.

"Haya mwanangu, nimesamehe. Sasa tunywe yapi?"

Bomba halijawahi kufika huku. Mfereji wa wazee ulishakauka. Miaka mitatu nimekaa na hiyo ahadi, na nimekuja na jani tu.

Jumapili, 9 Machi
Mama katoka kanisani, kachukua ndoo, kaenda kisimani. Sikumzuia. Jani la sale kalichomeka juu ya mlango. Kapika chai kwa maji hayo, kanimiminia mimi kwanza, maana ndiye mgeni.

Nimekunywa.