Betri Niliyomchagulia Daniel

Barabara ya Kumi na Nne,
Ngamiani, Tanga.
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Dada Leticia,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, mguu uko juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, si kuzungukazunguka uani na magongo. Ritha anayekuuguza ananiambia plasta ya mguuni, ile POP, inakuwasha na unajikuna kwa mwiko. Acha, dada, utajitia kidonda. Ananiambia pia kwamba tangu umeme wa huko Kigombe uanze kukatikakatika, ile tochi niliyokuletea Pasaka ndiyo mwenzako, na ukilala unaiweka chini ya mto. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu kwa hilo tu.

Utashangaa kuletewa barua na simu ipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na kila ukisema haloo najikuta nauliza habari za mihogo. Basi nimejifungia kibandani kwangu mchana kweupe, wateja wanagonga siitiki, na Noa wa bodaboda yuko nje anasubiri nimalize akuletee leo hii.

Nianze na Daniel. Mwanao anakula, na kidonda cha paja kinakauka vizuri. Mkono wa kulia ndio bado. Jana daktari alisema kidole gumba kitapona, lakini cha shahada na cha kati vimeungua mpaka ndani, na Jumatatu wataamua kama wavikate. Kinyozi bila vidole hivyo atashika mashine na nini? Nilitaka kumuuliza daktari, nikaishia kummiminia Daniel uji.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana huko umepata vipandevipande. Unakumbuka Daniel alivyokuwa akivuta sigara, wateja wakilalamika kwamba akiwanyoa ndevu vidole vinawanukia puani. Alipohamia kwenye sigara ya umeme, ile vijana wanayoiita vepu, ulinipigia ukaniambia hutaki hata kukiona kidude chenyewe, lakini kama kuacha kumemshinda, basi nimchagulie betri iliyo salama, kwa sababu ulisikia zinalipuka. Ukasema Ernesti, wewe ndiye fundi, mimi najua nini. Sikufichi, nilivimba kichwa.

Nilikwenda naye dukani kwa Kombo, karibu na soko, nikajitia mwalimu. Nilimweleza Daniel kwamba kidude chake kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, kwa hiyo si kila betri inayoenea inafaa. Ya kwanza iliandikwa ujazo wa umeme elfu tisa na mia tisa, nikacheka mpaka Kombo akaona haya, maana umbo lile halibebi hata nusu ya hizo. Ya pili ngozi yake, yaani ile plastiki ya juu, ilikuwa imechanika kidogo mdomoni. Nikairudisha. Ya tatu ilikuwa na namba za kiasi, ngozi safi haina hata mkunjo, na tulipoiweka kwenye mizani ya sonara wa jirani ikatoa uzito kamili, wakati za bandia huwa nyepesi. Nikasema hii hapa, chukua. Nilimkataza asiiweke mfukoni pamoja na funguo wala sarafu, na chaja nikampa yangu. Daniel akawa anawatambia wateja kwamba yeye betri yake kachaguliwa na mjomba.

Wala hakukosea kitu, dada, usije ukamgombeza. Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, alikuwa anamnyoa mzee Sadalla, kidude kiko mfukoni, kimezimwa. Mzee anasema alisikia sauti kama gesi inayovuja, kisha moshi, na Daniel akaingiza mkono akitoe. Hapo ndipo vidole vilipokwenda. Mzee wa watu ndiye aliyemmwagia maji, kitambaa kikiwa bado shingoni na ndevu zimenyolewa upande mmoja.

Mtaa mzima umemgeukia Kombo. Wanamwita muuaji, na duka amelifunga. Juzi mkewe, Zuwena, alikuja kibandani akilia, akasema mumewe alinunua boksi zima kwa mchuuzi akijua ni mpya, akaniomba mimi, mtu wa fani, niseme neno mbele za watu. Nilimjibu kwamba nitaiangalia hiyo betri. Kumbe nilikwisha kuiangalia, dada, na hapo ndipo pananishinda.

Kazi yangu unaijua. Nanunua betri za kompyuta mpakato zilizokufa, nazipasua, ndani zinatoka betri ndogondogo, nyingine bado zina uhai. Nazipima, kisha naandika kwa msumari kwenye chuma kitupu. Mkwaruzo mmoja ni nzima. Miwili ni ya kati. Mitatu imechoka, ni ya redio na tochi ndogo tu. Halafu naivalisha ngozi mpya iliyochapwa jina na namba, nawauzia wavuvi na wachuuzi. Mafundi wote tunafanya hivyo, hakuna mteja anayenunua betri uchi. Tena mimi nilijisifu kwamba nachagua ngozi zenye namba za kiasi, zisionekane za uongo.

Mzee Sadalla aliniletea masalia ya ile ya Daniel kwenye kopo la maziwa. Nikapangusa masizi kwa mafuta ya taa. Mikwaruzo mitatu. Msumari wangu una ncha iliyopasuka, unaacha mstari mwembamba ubavuni mwa mstari, na ule mstari ulikuwepo. Niliivalisha mimi, dada. Niliiuza mimi, ikazunguka mji, na mimi huyohuyo nikaenda dukani nikaipima, nikaisifu, nikamtia mwanao mkononi.

Jana Daniel aliniambia akitoka nimchagulie nyingine, kwa sababu hamu ya sigara inamrudia na hamwamini mtu mwingine. Nikaitikia. Ole wangu, niliitikia!

Nimepita maduka, nimewafuata wavuvi, nimewaomba wanionyeshe betri zao. Nazigeuza mkononi na sijui ipi yangu, ipi ya kiwandani. Mpaka uivue ngozi, na nani ataniruhusu nimvulie? Nimeziuza mamia. Leo jioni nitakwenda kwa Kombo, kisha hospitali. Sijui nitaanzia wapi.

Msalimie Ritha, na majirani wote wa huko. Usijihimize kunisamehe.

Ila kabla hujaiweka barua hii chini, mwambie Ritha atoe betri kwenye ile tochi, aipeleke nje, aifukie mchangani mbali na nyumba. Noa nimemwambia asiondoke mpaka aone imetoka. Sikumbuki niliikwaruza mara ngapi.

Ni mimi mdogo wako,
Ernesti