Udongo wa Mlango wa Ouma

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefua soksi tena. Za jana bado mbichi. Nani alisema Nairobi kuna jua? Agosti hapa ni baridi tupu, na mimi nilibeba sweta moja kama mtu anayeenda kwa jirani. Safari nyingine: sweta mbili, viatu vya kufunika. Matope ya mtaa huu wa Kianda hayamhurumii mgeni.

Niko kwa Rose, binti ya mama mdogo. Chumba kimoja, pazia katikati, ukuta wa mabati. Jirani akigeuza chapati nasikia.

Walimu wenzangu wanadhani nimekuja kutembea likizo. Pasta pia. Waendelee kudhani. Ndugu yangu Ouma alifia huku mwezi wa nne. Tulimzika nyumbani Siaya vizuri, na tenti, na kwaya. Lakini kila usiku Mama anamsikia akikohoa nje ya lango. Haingii. Mama halali. Amekonda hadi pete inamtoka kidoleni. Wazee wamesema mwili ulikuja, mwenyewe akabaki. Lazima mtu wa damu yake aende alikokuwa akilala, amwite kwa jina mlangoni, achote udongo wa pale, aupeleke kaburini bila kulala njiani.

Mtu huyo ni mimi. Sikutaka. Nimekuja.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefanya. Rose alinionyesha mlango, ploti inayofuata yake. Mpangaji mpya alikuwa anafua, akaniuliza sista unatafuta nani. Nikaita jina lote, mpaka la babu. Watu wakachungulia. Aibu ilinishika. Nikachota udongo kwa kijiko, nikautia kwenye kopo la kakao. Sikuhisi kitu. Hata upepo.

Mchana nikatembea hadi Makina kumnunulia Mama leso. Nimejifunza: ukipotea usiulize watu wa boda, watakupakia. Uliza mama mboga. Usisimame katikati ya njia ukishangaa. Na mahamri ya pale karibu na msikiti, nunua ya kubeba kabisa, maana utarudi.

Jumatano, 13 Agosti

Nilienda kuteka maji. Mwanamke aliyenitangulia na mtungi akauliza kama ni mimi niliyekuwa nikimwita Ouma jana. Akanipa pole. Halafu akasema Ouma alihama pale baada ya Krismasi. Alienda Kawangware kukaa na mke wake, Nekesa.

Mke gani?

Nimerudi nikamkuta Rose anakata sukuma. Hakukana. Ati Ouma alimwapisha asiseme. Ouma alikuwa amemtajia Mama habari za Nekesa mwaka jana, Mama akamkataa kabla hata ya kumwona: si wa kwetu, ni Mbukusu, tena amempita Ouma umri. Ouma akanyamaza. Alipokufa, Rose akanyamaza pia. Na jana akaniacha nipige kelele kwenye mlango wa watu, nichote udongo wa bure! Nimemkasirikia. Sijala sukuma yake.

Kopo liko chini ya kitanda. Nimelifunika na leso. Sijui nilimwita nani.

Alhamisi, 14 Agosti

Kawangware, upande wa kuelekea Riruta. Rose alinifikisha kwa geti ya ploti akakataa kuingia.

Nekesa anashona sare za shule. Cherehani iko mlangoni. Hakuuliza mimi ni nani, anasema sura imenitangulia. Mazishini hakuja kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kaburi aliliona kwenye simu ya mtu. Hilo limeniuma.

Nikamweleza nilichofuata. Akasimamisha cherehani, akaleta chai na nduma. Tulikuwa tunaongea mambo ya bei ya uzi, jua limeanza kuzama, nikasikia. Kikohozi, nje ya mlango. Viwili vifupi, halafu kimoja kirefu. Nakijua. Nililala chumba kimoja na kikohozi hicho utoto wangu wote. Nikamwaga chai. Nilitazama nje: ploti tupu, nguo kwenye kamba.

Nekesa hakushtuka. Alivuta stuli karibu na meza, akamimina kikombe cha tatu.

"Hapa huwa anaingia," akasema. "Ukimchukua, wifi, mimi nitabaki na nani?"

Ameniita wifi. Sikukataa. Kijiko kilikuwa kwenye mkoba. Niliondoka nacho kikiwa safi. Sikumwita.

Ijumaa, 15 Agosti

Basi la alfajiri. Kopo la Kianda mapajani. Abiria wa kando akauliza kama ni mbegu, nikasema ndiyo. Naogopa Mama atajua. Naogopa zaidi asipojua.

Nimefika saa za jioni. Mama mwenyewe amemwaga udongo juu ya kaburi, akausawazisha kwa kiganja. Akamwambia Ouma karibu nyumbani, baba. Nilisimama nyuma yake nikaangalia migomba.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama ameamka jua likiwa juu. Mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Hakusikia kitu usiku. Amekunywa uji, akaongeza. Ameuliza Nairobi ni kuzuri? Nikamwambia kuna baridi, siku akienda abebe sweta.

Nekesa amepiga simu. Nikaenda nyuma ya jiko Mama asisikie. Jana Ouma alikuja kama kawaida, anasema. Amekaa sana.

Nimemwambia amsalimie.