Jani la Mama Mkwe

Shoga, uko wapi? Pokea simu! Haya, basi soma.

Unaujua ule wino wangu wa bitiruti wa kuchapia picha za majani, ule nisioutia kemikali hata tone? Niliuacha kwenye jagi ndani ya friji. Mama mkwe kautoa, kaunywa wote. Alidhani juisi!

Namkuta sebuleni mdomo mwekundu, ananiambia, "Mwanangu, juisi yako nzuri, ila umebania sukari."

UMEBANIA SUKARI.

Ngoja, bado. Kajifutia mdomo kwenye karatasi zangu za magome ya migomba. Zile nilizozitengeneza mwenyewe, nikazilowanisha asubuhi tayari kwa kuchapia majani! Yeye kaona tishu.

Mara hodi. Mwenye ukumbi wa maonyesho huyo, kaja kuchagua kazi. Kayapita majani yangu yote niliyoyachapa, ya mpapai, ya muhogo, hata lile la mgomba lililonitoa jasho mwezi mzima. Kaenda kusimama kwenye tishu ya mama mkwe. Kaishika kama yai.

"Hili ni jani gani?"

Jani gani! Shoga, ile ni midomo ya mama mkwe!

Ulimi ukateleza: "Jani adimu sana hilo. Huota mara chache."

Kasema hilo ndilo litakalokaa mlangoni, na anataka mengine kama hilo.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mama mkwe, mikono kiunoni:

"Mwambie jani lipo. Ila safari hii bila sukari halioti."